Waombaji kutoka Afrika wamepungua Marekani: je, nafasi ya binti yangu imeongezeka?

*Salamu kutoka Mwanza. Binti yangu anasoma PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) na atafanya mtihani wa Kidato cha Sita mwezi Mei mwaka huu. Kuna wakala amenionyesha karatasi inayosema waombaji wa Afrika kwenye vyuo vya Marekani wamepungua kwa asilimia 18, na Ghana peke yake asilimia 43. Anasema nafasi za Waafrika zimebaki wazi, huu ndio mwaka wetu, na anataka dola 400 za kufungua faili kabla ya mwisho wa mwezi. Shemeji yangu naye anasema Marekani imefungwa, twende Uingereza, maana huko maombi yanapanda. Akiba yetu ni shilingi milioni 36. Hizi takwimu za maombi kwa kila bara zinamsaidiaje mzazi kama mimi? Nimwamini nani?*

Mama, nimeuelewa wasiwasi wako. Mbele yako kuna karatasi yenye namba za kweli, kuna watu wawili wanaoisoma kila mmoja kivyake, na kuna akiba ya miaka mingi inayosubiri uamuzi. Nianze na la haraka: hizo dola 400 usizitoe. Kuna jambo wakala wako amelinyamazia, na kwenu lina uzito kuliko asilimia zote alizokuonyesha.

Tarehe 16 Desemba 2025 Rais wa Marekani alitia saini tangazo lililoiingiza Tanzania katika orodha ya nchi ambazo raia wake wamesitishiwa viza za matembezi na za masomo. Kwa lugha ya ubalozi ni viza za B, F, M na J, na ya mwanafunzi wa chuo kikuu ni F. Usitishaji ulianza 1 Januari 2026. Nigeria, Malawi, Zambia na Zimbabwe ziliwekwa kwenye orodha hiyo kwa tangazo hilohilo; Burundi ilikuwamo tangu Juni 2025. Kenya, Uganda na Rwanda hazikuwekwa. Kwa hiyo karatasi hiyohiyo ikiwa mikononi mwa mzazi wa Kisumu ina maana tofauti kabisa na ikiwa mikononi mwako, ingawa mnakunywa maji ya ziwa moja.

Orodha za namna hii hubadilika, pengine kwa kulegezwa, pengine kwa kukazwa. Fungua ukurasa wa Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam siku ileile unayotaka kulipa chochote, usitegemee alichokwambia mtu wiki iliyopita. Tena ujue kwamba chuo chenyewe hakizuiwi kumdahili binti yako. Kinaweza kumpa barua nzuri na fomu ya I-20, ambayo chuo humpa mgeni ili aombee viza, ukalipa dola 350 za mfumo wa kuwasajili wanafunzi wa kigeni na dola 185 za ombi la viza, kisha akakataliwa dirishani. Fedha hizo hazirudi. Anayekwambia "tupate kwanza barua ya chuo, viza tutaona baadaye" anakutaka ulipie hatua rahisi kabla ya kujua kama hatua ngumu inawezekana.

Sasa turudi kwenye takwimu, kwa sababu swali lako ni zuri na litakufaa hata Marekani isipokuwepo kwenye hesabu.

Asilimia hizo zimetoka Common App, mfumo wa pamoja wa maombi unaotumiwa na vyuo zaidi ya 1,000, vingi vyake vya Marekani, kwa shahada ya kwanza. Ni hesabu ya waombaji waliokuwa wameshatuma angalau ombi moja kufikia 1 Novemba 2025, ikilinganishwa na tarehe hiyohiyo mwaka uliotangulia. Waombaji wa nje ya Marekani kwa ujumla walipungua kwa asilimia 9, wa India kwa 14, wa Afrika kwa 18. Ghana ilianguka kwa 43. Namba ni za kweli. Ila tazama tarehe. Vyuo vingi hufunga maombi ya kawaida mwanzoni mwa Januari, kwa hiyo hii ni hesabu ya katikati ya msimu, ni sawa na kupima mavuno ilhali nusu ya shamba bado haijavunwa.

Tofautisha pia *waombaji* na *maombi*. Kwenye Common App mtu mmoja anaweza kuomba hadi vyuo 20. Kwenye UCAS, mfumo wa Uingereza, anajaza fomu moja yenye machaguo 5. Chuo kikitangaza kwamba kimepokea maombi mengi kuliko mwaka jana, huenda watu ni walewale ila kila mmoja ameomba vyuo viwili zaidi kwa hofu. Ukiona takwimu yoyote ya maombi, uliza kwanza: wamehesabiwa watu au fomu? Shahada ipi? Kufikia tarehe gani? Karatasi isiyojibu maswali hayo matatu si ya kuamulia mambo ya akiba.

Jambo la tatu ndilo linalowapotosha wazazi wengi: kuomba ni hatua ya kwanza kati ya nne. Mtu anaomba, anadahiliwa, anapata viza, anafika darasani. Kila hatua ina mlango wake na kila mlango una mlinzi wake. Mwaka 2022 zaidi ya nusu ya Waafrika walioomba viza ya F ya Marekani walikataliwa, ilhali kwa waombaji wa Ulaya waliokataliwa walikuwa karibu 1 kati ya 10. Hao Waafrika wote walikuwa wameshadahiliwa, maana huwezi kuomba viza hiyo bila barua ya chuo. Kwa mwanafunzi wa Afrika, basi, mlango mwembamba mara nyingi si chuo, ni viza na fedha. Mlango wa kwanza ukipungukiwa na watu, mlango wa tatu haupanuki.

Je, nafasi za Waafrika zimebaki wazi? Hapana, kwa sababu hazikuwahi kutengwa. Vyuo vya Marekani haviweki viti 50 vya Afrika na 80 vya Asia kisha vikasubiri vijazwe. Kinachogombewa na wanafunzi wa kigeni wasio na fedha ni mfuko wa ufadhili, na mfuko huo ni mmoja kwa dunia nzima. Binti wa Mwanza anashindana na kijana wa Hanoi, wa Tashkent na wa Lima. Vyuo vinavyomdahili mgeni bila kuangalia uwezo wake wa kulipa, kisha vikamlipia pengo lote, ni vichache mno: Harvard, Princeton, Yale, MIT, Amherst na vingine vya kuhesabika. Kwenye vyuo vingi vilivyobaki, kila senti unayohitaji inapunguza uwezekano wa kuchaguliwa. Hata Waghana wakipungua nusu, mfuko haukui kwa ajili hiyo, na chuo kilichopoteza ada za wageni wanaojilipia huwa na fedha pungufu za kuwasaidia wasioweza. Hapo ndipo hesabu ya wakala inapogeuka kabisa.

Kama takwimu hizi hazipimi wepesi wa kudahiliwa, zinapima nini? Zinapima mwenendo wa waombaji: nani anaona inalipa kujaribu, na nani ameacha. Na watu huacha kwa sababu zinazojulikana. Nikupe mifano mitatu.

Mwaka 2020, kufikia mwisho wa Juni, waombaji wa nchi za Umoja wa Ulaya kwenye UCAS walikuwa karibu 50,000. Mwaka uliofuata walikuwa 28,400. Vyuo vya Uingereza havikuharibika kwa miezi 12. Kilichotokea ni kwamba Uingereza ilikuwa imejitoa kwenye Umoja, na kuanzia muhula wa 2021 wanafunzi hao walianza kutozwa ada ya mgeni na kukosa mkopo wa serikali waliokuwa wakiupata. Ada ilipanda, mkopo ukakatika, waombaji wakapungua kwa zaidi ya theluthi.

Wasaudi nao walifika zaidi ya 61,000 katika vyuo vya Marekani mwaka wa masomo 2015/16, wakibebwa na ufadhili mkubwa wa serikali yao ulioanza 2005. Bei ya mafuta ikashuka, masharti ya ufadhili yakakazwa, na miaka minane baadaye walibaki karibu robo ya hao. Mkondo wa nchi nzima ulikuwa umefungwa kwenye bomba moja.

Mfano wa tatu unatuhusu zaidi. Wanafunzi wa Nigeria nchini Uingereza walipita 72,000 mwaka 2022/23, na mwaka uliofuata wakashuka chini ya 58,000. Mambo mawili yaligongana. Juni 2023 naira iliachiwa huru. Dola iliyokuwa ikinunuliwa kwa naira 460 hivi ikavuka 1,000, kisha ikaendelea kupanda. Ada ya pauni ileile ikawa zaidi ya mara mbili kwa naira, hata kwa mwanafunzi aliyekuwa katikati ya kozi. Halafu kuanzia Januari 2024 Uingereza ikazuia wanafunzi wa uzamili wa darasani kwenda na wenza na watoto wao. Wanigeria wengi walikuwa watu wazima wa uzamili wenye familia, kwa hiyo kanuni hiyo iliwagusa kuliko ilivyowagusa Wachina, ambao kwa kawaida huenda wakiwa vijana wasio na familia. Kanuni ilikuwa moja kwa wote, lakini mabara hayakuumia sawa.

Ndiyo maana neno "Afrika" kwenye karatasi yako halisemi mengi. Wamoroko na Waalgeria huelekea Ufaransa kwa lugha na kwa ukaribu. Kuporomoka kwa Ghana hakuwezi kutenganishwa na uamuzi wa Julai 2025, wiki chache kabla ya msimu wa maombi kufunguliwa, wa kuwapunguzia Waghana viza za Marekani hadi miezi 3 na kuingia mara moja tu. Muda huo ulirudishwa baadaye, lakini wengi walikuwa wameshaamua. China ilikuwa na wanafunzi 81,562 wa Afrika mwaka 2018 kwa hesabu ya wizara yake ya elimu, na hawa hawaonekani kwenye takwimu yoyote ya Common App wala UCAS. Mtu aliyehamisha ombi lake kutoka Ohio kwenda Wuhan anahesabiwa kama "amepungua", kumbe yuko darasani.

Na Asia? Kwa ufupi, Wachina wanaosoma Marekani walikuwa zaidi ya 372,000 mwaka 2019/20, na 2024/25 walikuwa karibu 266,000. Wahindi waliwapita na kufika 363,000. Kisha wanafunzi wapya wa kigeni wa msimu wa vuli wa 2025 wakapungua kwa asilimia 17, Wahindi wakiongoza kushuka. Yaani hata nchi kubwa kuliko zote kwa kutuma wanafunzi imeanza kusita, na wanaosita hawakai nyumbani: wanageukia Ujerumani, Ireland na Uingereza, ambako watakutana na binti yako kwenye foleni.

Hapo tumefika kwa shemeji yako. Yuko sahihi nusu. Kufikia 30 Juni 2025 UCAS ilikuwa na waombaji wa kigeni 138,460, ongezeko la asilimia 2.2. Wachina waliongezeka kwa asilimia 10, Wamarekani kwa 14. Ukiyaondoa makundi hayo mawili, hakuna ongezeko la kusimulia. Zaidi ya hapo, UCAS huhesabu shahada ya kwanza, ilhali Waafrika wengi walioko Uingereza wanasoma uzamili, na maombi ya uzamili hupelekwa moja kwa moja chuoni. Kusema "maombi ya Uingereza yanapanda" hakukwambii kitu kuhusu Mtanzania wa Kidato cha Sita.

Tuiangalie Uingereza kwa macho ya akiba yako. Viza ya mwanafunzi ilikuwa pauni 524 tangu Aprili 2025, na Aprili ndio mwezi wanaopenda kupandisha, kwa hiyo angalia bei ya sasa. Mchango wa huduma ya afya ni pauni 776 kwa mwaka, unalipwa wote kwa mkupuo pamoja na ombi; kwa kozi ya miaka 3, ukijumlisha miezi ya ziada inayotolewa mwanzoni na mwishoni, ni kama pauni 2,700. Halafu lazima uonyeshe fedha za kujikimu: tangu Novemba 2025 ni pauni 1,171 kwa mwezi nje ya London na 1,529 ndani ya London, kwa miezi 9. Nje ya London hiyo ni pauni 10,539. Kwa viwango vya kubadilishia vya siku hizi, shilingi milioni 36 zenu zinakaribia kuishia hapo, na ada hamjaigusa. Ada ya uhandisi kwa mgeni kwa kawaida huanzia pauni 18,000 na kuendelea, kila mwaka.

Nikae kidogo kwenye taarifa ya benki, kwa sababu ndipo maombi ya Waafrika wengi huvunjikia. Uingereza inataka fedha zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo, na siku ya mwisho ya hizo 28 isiwe imepita zaidi ya siku 31 kabla ya kutuma ombi. Salio likishuka chini ya kiwango hata kwa siku moja, hesabu inaanza upya. Familia huweka kiasi kamili bila ziada, kisha benki inakata tozo ya mwezi au shilingi inatetereka dhidi ya pauni, na salio linapungua kwa elfu 20 tu. Ombi linakataliwa. Weka ziada ya angalau asilimia 5. Akaunti ikiwa yako na si ya binti, ambatisha cheti chake cha kuzaliwa chenye jina lako na barua yako ya kuridhia. Ya kaka, mjomba au shemeji haikubaliki, hata awe na mabilioni. Na fedha iliyokopwa kwa jirani ikaingia kwa mkupuo jana kisha ikasubirishwa siku 28 inaonekana waziwazi kwa afisa, na maswali yatafuata.

Ujerumani mara nyingi husemwa ni bure. Vyuo vya umma vya majimbo mengi kweli havitozi ada, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg linalotoza wageni euro 1,500 kwa muhula, na chuo cha TU München ambacho nacho kimeanza kutoza. Lakini kabla ya viza mwanafunzi anaweka euro 11,904 kwenye akaunti maalumu iliyofungwa, ambayo akifika ataruhusiwa kutoa euro 992 kwa mwezi. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 30 kwa mwaka wa kwanza tu, na mwaka wa pili atatakiwa kuthibitisha tena. Kozi nyingi za shahada ya kwanza ni kwa Kijerumani, za Kiingereza zipo zaidi kwenye uzamili. Kabla ya kuvuta pumzi ya matumaini, angalia kwenye anabin, hifadhidata ya Ujerumani ya kutambua vyeti vya nje, kama cheti cha Kidato cha Sita cha Tanzania kinamwingiza chuoni moja kwa moja au kinamtaka apitie kwanza mwaka wa maandalizi. Wazazi wengi huigundua hatua hii wakiwa wameshalipia mtihani wa lugha.

Canada nitaipita haraka. Iliweka ukomo wa vibali vya masomo Januari 2024 na imeendelea kuubana: kwa mwaka 2026 imepanga wanafunzi wapya 155,000, takriban nusu ya ilichopanga mwaka uliotangulia. Fedha za kujikimu unazotakiwa kuonyesha ni dola 22,895 za Canada, mbali na ada ya mwaka wa kwanza. Wanaoomba uzamili na uzamivu kwenye vyuo vya umma wametolewa nje ya ukomo huo tangu Januari 2026. Mwenye Kidato cha Sita hakutolewa.

Kwa familia yenye milioni 36 na binti mwenye PCM nzuri, njia zinazostahili muda wenu ni zile ambazo anayelipa ni mwingine. Serikali ya Uturuki hufungua ufadhili wake wa Türkiye Bursları kati ya 10 Januari na 20 Februari kila mwaka. Kuomba ni bure, na unabeba ada, bweni, posho na tiketi. Mwaka wa kwanza ni wa kujifunza Kituruki, na wengi huchoka hapo, kwa hiyo mwandae. Ufadhili wa serikali ya China huombwa kupitia ubalozi au chuo, kwa kawaida katika miezi ya mwanzo ya mwaka. Hapa nako uhakikishe kama kozi ni ya Kiingereza au ya Kichina. Kote, tangazo lisome kwenye tovuti ya mfadhili mwenyewe. Hakuna ufadhili wa serikali yoyote unaohitaji "ada ya wakala".

Kuna na njia ambayo haimo kwenye karatasi ya wakala kwa sababu haivuki bahari kuu. IIT Madras, moja ya taasisi kubwa za uhandisi za India, ilifungua tawi Zanzibar mwaka 2023 na inafundisha shahada ya sayansi ya data na akili bandia. Wanachuja kwa mtihani wao na usaili. Mwenye PCM yumo ndani ya walengwa, viza haihitajiki, na shahada inatolewa na IIT Madras yenyewe. Ada yake si ndogo, basi uliza mapema kuhusu punguzo na ufadhili wao. Vyuo vya Uganda na Kenya navyo vinapokea Watanzania wengi.

Maoni yangu, nayasema waziwazi: kama hakuna ufadhili kamili, asome shahada ya kwanza hapa. Ada ya uhandisi kwenye chuo cha umma ni chini ya shilingi milioni 2 kwa mwaka, na anaweza kuomba mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Akimaliza na ufaulu mzuri, mlango wa uzamili nje ni mpana zaidi: kozi ni fupi, ufadhili ni mwingi, na kuna kazi za utafiti chuoni zinazolipa ada na posho. Mkondo wa Afrika wenyewe unaonyesha hivyo. Waghana walioko Marekani, kwa mfano, wengi wako kwenye uzamili na uzamivu, na hawakupelekwa na akiba za wazazi. Najua binti atasikia kama anaambiwa asubiri. Mwonyeshe hesabu ya pauni 10,539 kwenye karatasi, mkae nayo pamoja. Watoto wa PCM huelewa hesabu.

Kuhusu wakala. Mawakala wengi hulipwa na chuo, mara nyingi asilimia 10 hadi 20 ya ada ya mwaka wa kwanza. Si dhambi, lakini inaeleza kwa nini huwa hawakutajii vyuo vyenye ufadhili mnono: vyuo hivyo havilipi mawakala, maana waombaji wanajileta wenyewe. Muulize kwa maandishi mambo manne: chuo gani kinamlipa na kiasi gani, dola 400 ni za nini hasa, zinarudi kwa masharti gani, na anasema nini kuhusu viza ya F kwa Mtanzania tangu 1 Januari 2026. Kisha uliza Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kama amesajiliwa kupeleka wanafunzi nje. TCU hiyohiyo ndiyo itakayotambua, au isitambue, shahada atakayorudi nayo, kwa hiyo jina la chuo lipeleke kwao kabla ya kulipa. Nenosiri la akaunti ya maombi libaki kwa binti. Wakala akijaza barua pepe yake mwenyewe kwenye fomu, majibu yote yatakwenda kwake, na hapo ndipo wazazi huonyeshwa barua za kudahiliwa ambazo chuo hakikuzitoa.

Mkiamua kuomba nje kwa mwaka huu, angalieni kalenda. Matokeo ya Kidato cha Sita hutoka Julai. Muhula wa Uingereza huanza Septemba. Katikati hapo chuo kinataka matokeo ili kitoe namba ya CAS, uthibitisho wa udahili unaohitajika kuombea viza, fedha zinataka siku zake 28, kipimo cha kifua kikuu kinafanyika kwenye kliniki iliyoidhinishwa tu, na uamuzi wa viza huchukua kama wiki 3 baada ya alama za vidole. Miezi hiyohiyo vijana wanakuwa JKT kwa mujibu wa sheria. Bila pasipoti mkononi na fedha zilizotulia benki kufikia mwisho wa Juni, haiwezekani bila mbio za kuvunjana miguu. Kuanza 2027 kwa utulivu ni bora kuliko kulipa amana mwaka huu kisha kuomba irudishwe.

Yapo mambo ambayo jibu la maandishi halitoshi, uende mwenyewe. Kama jina la binti limeandikwa tofauti kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha NECTA na pasipoti, muone mwanasheria arekebishe kwa hati rasmi sasa, kwa sababu jambo hili dogo husimamisha viza kwa miezi. Kama aliwahi kukataliwa viza ya nchi yoyote, usijaze fomu mpya kabla ya kuipeleka barua ya kukataliwa kwa mwanasheria wa uhamiaji; kuificha ni kosa kubwa kuliko kukataliwa kwenyewe. Kama mtu amependekeza mweke hati ya nyumba rehani kwa ajili ya ada, nenda benki na mwenzi wako, mkasome masharti ya riba mkiwa wawili. Ushauri wa bure upo: washauri wa EducationUSA kupitia ubalozi, British Council, na ofisi ya DAAD, shirika la Ujerumani la mabadilishano ya kitaaluma, iliyoko Nairobi. Nenda na nakala za vyeti vyake, matokeo ya Kidato cha Nne, na taarifa ya benki ya miezi 6. Hiyo karatasi ya asilimia 18 nayo uichukue, wakueleze mbele ya binti.